Siku nne Zanzibar bila kampuni ya utalii: wapi tunaokoa, wapi tusijaribu?

Kijana wa Nkuhungu
Wakuu, habari zenu. Tuko wanne, Watanzania wote, tunatokea Dodoma. Tumepewa bei ya kifurushi, 650,000 kila mtu kuanzia Dar: boti kwenda na kurudi, usiku tatu Nungwi pamoja na chai ya asubuhi, kisiwa cha Changuu, fungu la mchanga la Nakupenda, msitu wa Jozani na shamba la viungo. Tukijipangia wenyewe itashuka kweli, au tutaishia kulipa hiyo hiyo kwa kudokoadokoa? Tunaweza kwenda Februari au Aprili.

Hesabu Kwanza
Mkuu, usilinganishe jumla kwa jumla. Waambie wakupe mchanganuo, halafu kila kiingilio uliza kimepigwa bei ya raia au ya mgeni. Vifurushi vingi vimeundwa kwa ajili ya watalii wa nje, na tofauti ya bei hizo mbili ni kubwa. Kwenye boti na viingilio vya hifadhi, Mtanzania analipa ya kwake kwa shilingi, ila lazima aoneshe kitambulisho. Kila mmoja abebe cha kwake: NIDA, leseni au pasipoti, si picha kwenye simu.

Treni ya SGR Dodoma–Dar ilianza 2024 kwa 31,000 daraja la kawaida, na stesheni ya Dar haiko mbali na bandari, kama kilomita moja. Kinachoharibu ni kuunganisha treni na boti ya mwisho ya alasiri. Treni ikichelewa, tiketi ya boti inakuwa na shida na mnalala Dar bila kupanga. Acheni angalau saa tatu katikati. Tiketi ya boti kateni kwenye tovuti au dirisha la kampuni yenyewe, msimpe pesa anayewafuata getini.

Februari angalieni kalenda: 2026, 2027 na 2028 Ramadhani inagusa mwezi huo. Mchana migahawa mingi ya mjini inafungwa, na kula hadharani ni utovu wa adabu. Aprili ni masika. Vyumba vinashuka bei, lakini hoteli kadhaa za ufukweni zinafunga kabisa na bahari inachafuka.

Mtu wa Shamba
Nungwi daladala ni namba 116, kama saa moja na nusu mpaka mbili. Jozani pandeni 309 ya Jambiani, inapita mlangoni. Mwambieni utingo awashushe. Muulizeni mwenye nyumba kituo cha kuondokea, vimekuwa vikihamishwa. Baada ya magharibi gari za shamba ni za kubahatisha, kwa hiyo msipange kurudi usiku. Jozani kiingilio kinajumuisha mtembezaji, hivyo kumlipa mwingine wa kutoka mjini ni kulipa mara mbili.

Changuu na Nakupenda ndipo pesa inapopotea. Mashua hukodishwa chombo kizima, si kwa kichwa. Ikiwa laki moja, nyinyi wanne ni 25,000 kila mtu, mkipata wenzenu wanne mnalipa nusu yake. Papasi, yaani dalali wa bandarini anayewinda wageni, atawatajia bei ya kichwa. Mkwepeni, nendeni ufukweni mwenyewe mkaongee na nahodha. Mkubaliane kabla ya kupanda: sehemu zote mbili, muda wa kukaa, nani analipa kiingilio cha Changuu. Vaeni maboya muone kama yanawatosha. Salio mpeni mkirudi.

Kijana wa Nkuhungu
Ahsanteni sana. Nakupenda twende siku gani? Kifurushi kimeiweka siku ya pili, saa nane mchana.

Mtu wa Shamba
Hilo mwezi ndio unaamua, kaka. Nakupenda ni fungu la mchanga, maji yakijaa halipo. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu na siku mbili tatu baadaye, kwetu maji hupwa kiasi cha saa nne asubuhi na kujaa saa kumi alasiri. Hapo mtoke mjini saa mbili, fungu litakuwa kubwa. Mkienda saa nane siku hiyo mtakuta linamezwa. Kila siku ongezeni kama dakika hamsini. Siku za maji mafu, mwezi nusu, kupwa huja alasiri na maji hayashuki sana, fungu linakuwa dogo tu. Hivyo angalieni mwezi kabla ya kukata treni.

Nungwi na Kendwa mnaogelea saa zote. Paje na Jambiani kupwa ikifika maji yanakwenda mbali, mnatembea juu ya mwani na matumbawe. Viatu vya maji muhimu, viumbe wa baharini wenye miiba ni wengi.

Mpishi wa Ratiba
Nitapinga kidogo. Mngekuwa wawili ningesema chukueni kifurushi cha siku moja kwa mashua na viungo, maana gharama ya chombo na teksi haina wa kugawana. Shamba la viungo hata wanne si mbaya kwenda na mwenyeji: mashamba ya Kizimbani yako ndani ya barabara, daladala inawaacha mbali kidogo, na bila anayewachumia na kuwapa mnuse mtaona miti tu.

Teksi ya Nungwi jioni ya kufika inaweza kula nusu ya mlichookoa. Usiku wa kwanza laleni mjini, hapo Malindi au Shangani, mmalize Changuu na Nakupenda asubuhi, kisha 116 mchana. Dawa ya kichefuchefu mezeni nusu saa kabla ya boti kuondoka, si mawimbi yakishaanza, na mkae chini, nyuma.