Binti yangu ameambiwa Noor Inayat Khan "alifeli" ujasusi. Nimjibu nini?

Mama Nuru
Habari zenu wapendwa. Binti yangu ana miaka 13. Darasani kwao kila mtoto amechagua shujaa mmoja wa Vita vya Pili vya Dunia ili awaeleze wenzake habari zake. Yeye amemchagua Noor Inayat Khan, opereta wa redio aliyetumwa Paris na Waingereza mwaka 1943. Kilichomvuta kwanza ni jina. Alipojua kwamba Noor ndiyo Nuru, jina lake mwenyewe, hakutaka kusikia shujaa mwingine.

Juzi alifanya mazoezi mbele ya mjomba wake, naye akamkatiza: "Huyo si alifeli? Miezi minne tu akakamatwa, na Wajerumani wakalikuta daftari lake. Jasusi hodari hakamatwi." Mtoto alikunja karatasi zake akaingia chumbani, na hadi leo hataki kuzigusa. Najua hakutendewa haki, lakini kila nikitafuta la kumjibu naishia kwenye "alikuwa jasiri", na hilo halimtoshi. Tena habari ya daftari ni ya kweli. Nisaidieni.

Opereta Mstaafu
Mama Nuru, mpe binti pole yangu. Nimegonga Morse, alama za redio za nukta na mistari, melini miaka 19, kwa hiyo nitasema upande ninaoujua.

Mtambo wao ulikuwa ndani ya sanduku la safari, uzito wake kama kilo 15. Ili usikike Uingereza, unatandaza waya mrefu wa antena, kisha unakaa palepale na kugonga. Na kila unapogonga unajitangaza hewani. Wajerumani walikuwa na magari ya kunasa mawimbi. Yanazunguka, yanaupata mtaa, kisha yanaipata nyumba. Sisi melini tulijuana kwa mkono. Mwenzangu wa meli nyingine alinitambua kwa namna ninavyogonga kabla sijajitaja, nami nilifurahi. Kwa Noor, kutambuliwa ni kufa. Hesabu iliyokuwa ikitajwa kwa opereta wa Ufaransa kudumu kabla ya kukamatwa ilikuwa wiki sita.

Yeye alishuka kwa ndege ndogo usiku wa kuamkia Juni 17, 1943, opereta wa kwanza mwanamke kutumwa huko na SOE, ile idara ya siri ya Waingereza. Hazikupita hata wiki mbili, mtandao wa majasusi alioenda kuutumikia, ulioitwa Prosper, ukavunjwa, viongozi wake wakatiwa mbaroni. London wakataka arudi. Akakataa, maana akiondoka hakuna wa kuwasemea waliobaki. Akawa anahama na sanduku lake, nyumba hadi nyumba, hadi Oktoba.

Mwambie binti aweke wiki sita upande mmoja na miezi hiyo upande wa pili, kisha amuulize mjomba.

Msomaji wa Usiku
Opereta amesema vizuri. Ila naomba binti asilifiche daftari. Akilificha, mjomba atalitoa tena mbele ya watu.

Noor alihifadhi nakala za ujumbe aliotuma. Lilikuwa kosa kubwa. Wajerumani walitumia redio yake na nakala hizo kuwaandikia London kana kwamba ni yeye, na London ikaendelea kujibu. Februari 1944 wakala mwingine wa SOE, Madeleine Damerment, aliruka kwa mwavuli akaangukia mikononi mwa Gestapo, polisi wa siri wa Wanazi, waliokuwa wakimsubiri. Hayo yasemwe.

Lakini yasemwe yote. Oktoba 1943 London ilipata onyo kwamba "Madeleine", yaani Noor kwa jina lake la kazi, amepata "ajali" na yuko "hospitali". Kwa lugha yao, amekamatwa. Chanzo cha habari kilikuwa mwanamke aitwaye Sonja. Ofisini hawakumjua Sonja ni nani, wakalipuuza onyo. Mimi hapo ndipo ninapoumia kila ninaposoma. Daftari lilikuwa la Noor, ila uamuzi wa kuendelea kutuma watu haukuwa wake.

Sonja huyo ni Sonia Olschanezky, Myahudi mzaliwa wa Chemnitz, mcheza dansi, aliyeingia kazini palepale Ufaransa bila kupita London. Alikamatwa Januari 1944, akauawa kambi ya mateso ya Natzweiler Julai 6 pamoja na mawakala wa SOE Andrée Borrel, Vera Leigh na Diana Rowden. Alikuwa na miaka 20. Baada ya vita, Vera Atkins wa SOE alipozunguka Ujerumani kuwatafuta mawakala wake, mashahidi walimweleza mwanamke wa nne, naye akaamini ni Noor. Kwa muda Sonia akawa amekufa kwa jina la Noor, yule ambaye yeye ndiye aliyemtolea onyo.

Kumbe Noor alikuwa gereza la Pforzheim, mikono na miguu katika minyororo, kwa sababu alijaribu kutoroka, mara moja akipitia juu ya paa, na akakataa kutia saini ahadi kwamba hatarudia. Hans Kieffer, mkuu wa waliomhoji Paris, alikiri baada ya vita kwamba hawakupata neno kutoka kinywani mwake. Noor aliuawa kambi ya mateso ya Dachau Septemba 13, 1944, pamoja na Yolande Beekman, Eliane Plewman na yuleyule Madeleine Damerment.

Bi Salma
Nimewahi kusimama mbele ya sanamu yake, Gordon Square, London. Iliwekwa 2012. Ni kichwa na mabega tu, unamtazama karibu ana kwa ana. Nilikaa kwenye benchi nikashindwa kuondoka.

Mama Nuru
Ahsanteni sana. Nilimsomea yote, hata ya daftari. Alinyamaza kwa muda, halafu akauliza, "Huyo Sonia, nani alikuwa anamtafuta?" Sikuwa na jibu.

Amezikunjua karatasi. Ameongeza sehemu ya daftari kwa maneno yake mwenyewe, na ukurasa wa mwisho ni wa Sonia. Sasa yuko mezani ananiuliza jinsi ya kulitamka Olschanezky, anataka alitaje kesho bila kukwama.