Mama ana COPD (ugonjwa sugu wa mapafu unaobana njia za hewa), pampu anavuta lakini usiku halali. Naombeni ushauri

BintiMakete: Wakuu, shikamooni na habari za usiku. Mama yangu ana miaka 64. Sigara hajawahi kuvuta, ila kapikia kuni tangu utotoni, na kwetu baridi ikizidi moto unakokwa ndani milango imefungwa. Alipimwa kwa kupuliza kwenye mashine, wakasema ni COPD, siyo pumu. Anatumia pampu ya salbutamoli na vidonge vya aminofilini, na juzi kifua kilipombana wakamwongezea prednisoloni mara moja kwa siku. Mchana anajitahidi. Ikifika saa nane usiku anashtuka hana pumzi, anakaa ameinamia mito mpaka kunakucha. Jirani anashauri tumpe diazepamu alale. Naogopa.

MfamasiaWaMtaa: Pole sana dada. Diazepamu msimpe kabisa. Inapunguza msukumo wa kupumua, na mgonjwa wa COPD akilala oksijeni yake hushuka hata bila kidonge. Salbutamoli hufanya kazi saa 4 hadi 6 tu. Akivuta saa tatu usiku, hiyo saa nane imeshakwisha au inakaribia kuisha. Muulizeni daktari kuhusu pampu za muda mrefu: formoteroli au salmeteroli hukaa saa 12, tiotropiamu saa 24. Prednisoloni anameza saa ngapi?

BintiMakete: Jioni, baada ya kula, pamoja na aminofilini.

MfamasiaWaMtaa: Basi prednisoloni ihamie asubuhi akishakula, maana jioni inafukuza usingizi. Aminofilini nayo ni jamii moja na kafeini, ile ya kwenye kahawa. Msiikatishe wenyewe, ila daktari ajue mama halali.

MzeeWaTanga: Mwanangu, nina ugonjwa huo huo. Mwangalie anavyovuta, wengi wetu dawa huishia kooni. Nesi alinionyesha chupa ya maji ya nusu lita iliyotobolewa kitako, pampu ikae pale bila kuvuja hewa. Tikisa pampu, toa pumzi, weka mdomo wa chupa kinywani, bonyeza mara moja, vuta taratibu, kisha zuia pumzi uhesabu hadi 10. Nilipoanza hivyo, usiku wangu ulibadilika.

NesiMama: Chupa inasaidia kweli. Lakini dada, akiamka kichwa kinamuuma? Anasinzia sana mchana? Anakoroma na kukatika pumzi? Kichwa cha asubuhi na usingizi wa mchana vinaweza kumaanisha hewa chafu inabaki mwilini. Kukatika pumzi usingizini ni tatizo jingine, pampu hailitibu.

BintiMakete: Kukoroma hapana. Kichwa ndiyo, karibu kila asubuhi, nami nilidhani ni uchovu. Asanteni sana, kesho alfajiri nampeleka hospitali ya wilaya.

NesiMama: Vizuri. Wampime oksijeni. Beba dawa zote, na avute pampu mbele ya daktari amwone. Ila midomo ikigeuka bluu, akianza kuchanganyikiwa, au akishindwa kumaliza sentensi, ondokeni usiku huu huu.