Sulisuli: mzamiaji anaweza kumkuta wapi?

Mnyasa_wa_Matema: Wakuu, habari za jioni. Niko Tukuyu, kuzamia nimejifunzia Ziwa Nyasa, na vile visamaki vya rangi vya kwenye mawe nishavizoea. Sasa namtaka sulisuli. Nikishuka pwani na mtungi wangu wa hewa, nimtafute mwamba gani? Na nitamtofautishaje na samaki upanga?

Baharia_Mstaafu_Kyela: Kijana, mtungi uache nyumbani. Huyo hakai mwambani. Ni samaki wa bahari wazi, maji ya juu, tena mpitaji. Wanaomwona vizuri wanavaa miwani, mrija na mapezi ya miguuni, basi. Mahali penye sifa ni Isla Mujeres, Mexico, Januari hadi Machi. Nahodha anafuata ndege wa baharini. Wakijikusanya mahali, chini yao kuna dagaa waliobanwa pamoja, na sulisuli wanawazunguka wakiingia kwa zamu. Mdomo wenyewe hautumii kuchoma sana, anaupiga pembeni, kulia kushoto, dagaa anapepesuka, analiwa.

Hapo ndipo tanga, yaani lile pezi lake kubwa la mgongoni, linasimama. Akiwa safarini hulilaza mgongoni, unaweza usilione kabisa. Likisimama linapita kimo cha mwili wake, la buluu yenye madoa meusi. Mgongo buluu iliyoiva, ubavu wa fedha wenye mistari ya vidoa hafifu, na akiwinda rangi zinawaka na kubadilika ukimwangalia. Mkubwa anapita mita 3. Upanga hana tanga la hivyo, wala hana yale mapezi mawili membamba ya tumboni.

Mama_Kihesa: Shikamoo baharia. Wanangu hapa Iringa wanasema anakimbia kilomita 110 kwa saa, kweli?

Baharia_Mstaafu_Kyela: Marahaba mama. Namba ya zamani hiyo, inapendwa tu. Vipimo vya miaka ya karibuni havifiki hata nusu yake. Hata hivyo hutamfukuza.

Karibu na kwetu kuna Watamu na Malindi, Kenya, pia mkondo wa Pemba, hasa kaskazi ikivuma. Ila boti nyingi huko ni za ndoano, za watalii wavuvi. Kumkuta ukiwa majini ni bahati.

Mnyasa_wa_Matema: Ndaga fijo, mzee. Nauli ya Mexico ningeuza shamba zima la parachichi. Nani anajua boti ya Watamu inayokubali waogeleaji?