Najifunza kupiga mjeledi huku Australia, kila siku najichapa mwenyewe. Msaada wakuu

Mnyamwezi_Ughaibuni

Wakuu habari za leo. Nipo Queensland mwaka wa pili sasa, nafanya kazi shamba la ng'ombe, na kabla hamjauliza, hapana, mjeledi wenyewe sio wa kumchapa ng'ombe. Huku wanaulipua pembeni hewani, ng'ombe anasikia mlio anageuka anafuata wenzake, haguswi hata unywele. Bosi wangu mzee wa miaka sabini hivi anapiga kushoto kulia kushoto kulia kama mtu anacheza ngoma ya kwao, nikamwomba anifundishe, akacheka, akanitolea stoo mjeledi wake wa zamani wa futi sita, ngozi ya kangaruu, mpini wa mbao, akanionyesha mara tatu afu akapanda gari akaondoka. Somo likaishia hapo.

Sasa hii wiki ya pili. Sikio la kulia nimeshajichapa mara mbili, mgongoni sihesabu tena. Nikipiga mara ishirini mlio unatoka mmoja, zilizobaki ni fyuuu tu, na nakaza mkono mpaka bega linawaka moto usiku silali upande ule. Pili, kale kakamba ka mwisho kabisa kamechambuka kamekuwa kama mswaki. Tatu ngozi naona imekauka, nilitaka nipake mafuta ya kupikia, jamaa yangu wa kambini akanishika mkono kasema usithubutu, ila nini nipake hajui. Nisaidieni, mwenzenu naumia.

Jirani_wa_Temeke

Darasa la tano mwalimu wa hesabu alitulipua mwaka mzima na hakuna hata mmoja aliyeomba afundishwe 😂😂 pole mkuu

mama_Tausi

@Jirani kile kilikuwa kiboko bwana, hata jina ni la yule mnyama maana vya zamani vilikatwa kwenye ngozi yake. Kigumu kama fimbo, hakilii, kinakuliza wewe. Anachosema huyu ni mjeledi wa kusuka, mnene mkononi na unaenda ukipungua mpaka mwisho uzi. Mnakumbuka ufunguzi wa Olimpiki ya Sydney 2000? Alianza mtu mmoja na farasi wake uwanja mzima kimya, farasi akasimama kwa miguu ya nyuma, jamaa akalipua mjeledi, ndo wakamiminika wapanda farasi 120. Nilikuwa mdogo nikadhani kapiga bunduki.

Dereva_wa_Ocala

Mkuu mimi nipo Florida, huku nako wachunga ng'ombe wana mijeledi yao ya nailoni, nimeuchezea mwaka wa nne sasa kwa hiyo nikwambie nilichojifunza kwa maumivu.

Kwanza kabisa unakaza mkono wa nini? Ukisikia bega linauma ujue unapigana na mjeledi badala ya kuurusha. Nguvu haitoi mlio. Mimi mke wangu alikuja kunicheka uwanjani nikampa ajaribu, mara ya tatu tu ukalia PA, mimi nilikuwa na wiki tatu naukosa. Kwa sababu yeye hakujua kwamba unatakiwa utumie nguvu!

Fanya hivi. Utandaze mjeledi mbele yako kwenye majani umenyooka kabisa, kama wewe ni wa mkono wa kulia mguu wa kushoto uwe mbele. Sasa fikiria kuna reli ya treni inapita pembeni yako kulia, nusu hatua kutoka begani, na mjeledi wako ni treni, hautoki kwenye reli. Nyanyua mkono taratibu ukipita humo humo relini, mjeledi unakufuata unapaa kwenda nyuma, mkono ukifika usawa wa sikio, KABLA ncha haijaanguka chini huko nyuma, geuza upeleke mbele kama mtu anarusha ndoano ziwani, afu usimamishe mkono ukiwa umeelekea unakotaka. Basi. Acha wenyewe ujikunjue. Wengi tunaharibu hapo mwisho, tunaogopa tunavuta mkono kurudi kwetu, na ukivuta kuja kwako unakuja kweli, ndo hilo sikio lako.

Ukichelewa kugeuza unapata fyuuu. Ukiwahi sana pia fyuuu, au unajifunga shingoni. Hakuna namna ya kukuelezea kwa maandishi, mkono utaujua wenyewe ule uzito unavyovuta nyuma.

Na mkuu vaa miwani!! Sio ya jua ya fasheni, ile ya mafundi ya kukatia vyuma, na kofia pana, shati la mikono mirefu. Weka na vitu masikioni maana mlio unatokea karibu na kichwa chako. Usiruhusu mtu asimame nyuma yako, nyuma ndo hatari kuliko mbele.

Mwl_Fizikia

Naongezea kidogo alichosema Dereva kuhusu nguvu. Ule mlio sio mjeledi kujigonga, ni mjeledi kupita kasi ya sauti huko mwishoni, yaani zaidi ya mita 340 kwa sekunde, kitu kile kile kinachofanywa na ndege ya kivita ikipita juu. Ukigeuza mkono unatengeneza kitanzi, kitanzi kinakimbia kuelekea mwisho, na kwa kuwa mjeledi unazidi kuwa mwembamba na mwepesi kasi inazidi kupanda bila wewe kuongeza kitu. Mwaka 2002 Goriely na McMillen wa Chuo Kikuu cha Arizona walipiga hesabu wakaonyesha kwamba mlipuko unatoka hapo kwenye kitanzi chenyewe. Kwa hiyo kazi yako ni kutengeneza kitanzi kizuri tu. Ukikivuruga na misuli ndo hivyo tena.

Fundi_Ngozi_Arusha

Mijeledi ya kangaruu sijawahi kushika ila ngozi ni ngozi, nashona viatu na mikoba miaka mingi. Mafuta ya kupikia USIPAKE, yanachacha, yananuka, na panya watakushukuru. Tafuta ile grisi ya ngozi iliyotengenezwa kwa mafuta ya mnyama na nta ya nyuki, wauza matandiko ya farasi huko lazima wanayo. Chukua kidogo kwenye vidole, joto la mkono liiyeyushe, sugua taratibu kufuata msuko, acha usiku mmoja, asubuhi futa inayobaki kwa kitambaa kikavu. Ukijaza mafuta kila siku ngozi inalegea, msuko unapoteza umbo, nimeona mikanda ya watu imeharibika hivyo hivyo na mwenyewe anaapa aliitunza.

Ukinyeshewa usiuweke juani wala karibu na jiko, uning'inize kivulini ukauke polepole. Usiukunje kwa pembe kali, zungusha kama mpira wa kumwagilia bustani. Na usipige kwenye simenti au kokoto, majani tu.

Dereva_wa_Ocala

Fundi umemaliza. Hapo mwisho: hako kakamba kaliochambuka ni cha kubadilisha kila mara, usikaonee huruma. Chukua uzi wa nailoni wa waashi, ule wa kupimia ukuta, sokota pajani kama bibi anavyosokota kamba ya katani, ukunje katikati ujisokote wenyewe, funga fundo mwisho, achia kidogo pachambuke. Kinachofuata kuisha ni kile kipande kimoja cha ngozi kisichosukwa kinachoshika hako kakamba, nacho kinauzwa peke yake. Ukipiga bila kakamba hata siku moja, unakula hicho, na ukiisha hicho unaanza kula mjeledi wa mzee wa watu.

Mnyamwezi_Ughaibuni

Wakuu nimerudi, siku tisa zimepita. Grisi nimepata, mzee mwenyewe alikuwa nayo kopo zima stoo hakuniambia tu. Kakamba nimesokota mwenyewe, cha kwanza kilifumuka, cha pili kipo mpaka leo. Ile ya reli imenisaidia kuliko vyote, nilichora mstari kwa chokaa kwenye majani kabisa. Jana jioni nimepiga kumi, saba zimelia, na ya saba ng'ombe watatu waliokuwa kwenye maji wakainua vichwa wote pamoja, nikajiona mkubwa kweli.

Mzee alikuwa kibarazani na chai yake ananiangalia muda wote. Nikamgeukia nikitegemea sifa. Akanywa chai, akasema neno moja tu: "Kushoto."

Kwa hiyo leo nimeanza upya na mkono wa kushoto, na sikio la kushoto ndo linavimba sasa.