Kidole mezani! Nimetoka Songea hadi Morogoro kwenda kubofya kitambaa cha meza

Wakuu, naandika nikiwa ndani ya basi, Mikumi tumeshaiacha, na mkono bado unatetemeka kwa hasira. Mods naomba msiuunganishe uzi huu na ule wa posho. Huu si wa posho.

Narudi kutoka kwenye mafunzo ya siku tatu ya uandishi wa habari za takwimu. Mwezeshaji ni yule yule. Jina sitaji, kwa sababu hakuna aliyewahi kukaa kwenye semina ya waandishi nchi hii asiyemjua. Yule wa "nilipokuwa Ulaya". Yule ambaye slaidi zake zina rangi nyingi kuliko duka la khanga.

Siku ya kwanza ilikuwa ya mgeni rasmi na utambulisho, ya pili historia ya takwimu tangu enzi za Nuhu. Nikavumilia. Nikajisemea kesho tutashika kazi. Jana baada ya chai jamaa akawasha projekta, akatangaza kwamba sasa tunaingia kwenye Excel. Tuko waandishi 26. Kompyuta ukumbi mzima ni moja, na ni yake. Mwenzetu mmoja wa Kigoma akauliza kwa adabu kabisa, "Mkuu, sisi tutafanyia wapi?" Akajibu bila kupepesa: "Wekeni kidole mezani, mjifanye mnabofya."

Kidole mezani, wakuu.

Nina miaka 14 kwenye kazi hii. Nimelala mahabusu kwa ajili ya stori ya mbolea ya ruzuku. Nimetembea kwa mguu kutwa nzima kando ya Ziwa Nyasa kufuatilia mtumbwi uliozama. Jana nimekalishwa kwenye kiti chenye utepe kama cha harusi, nasugua kidole kwenye kitambaa cheupe, naambiwa "haya, buruta kushuka chini", na mimi naburuta! Kikombe cha chai kikawa njiani, kikamwagika. Jamaa anaendelea tu: "Mmeiona jumla imetokea?" Imetokea wapi? Kwenye kitambaa?

Halafu somo lenyewe nimelitafuta miaka. Kila Aprili ripoti ya CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, inawekwa mezani Bungeni, majedwali ya halmashauri yamo humo, na sisi tulioko mikoani tunasubiri gazeti la Dar litueleze halmashauri yetu imefanya nini. Nilitaka kujua namna ya kuyachomoa yale majedwali kwenye PDF bila namba kuvurugika, niyapange, nilinganishe Mbinga na Namtumbo mwaka hadi mwaka. Matokeo ya Sensa ya 2022 yapo hadi ngazi ya kata. Ukichukua idadi ya watu wa kata ukaiweka ubavuni mwa idadi ya vituo vya maji, stori inajiandika yenyewe, na hakuna diwani wa kukukanusha.

Na nilikuwa na swali langu. Mwaka jana niliandika kwamba ufaulu wa shule moja umepanda "kwa asilimia 20" kwa sababu ulitoka asilimia 40 ukafika 60. Mwalimu mmoja wa hesabu akanipigia simu asubuhi yake: hizo ni pointi 20 za asilimia, ukitaka kusema "kwa asilimia", ufaulu umepanda kwa 50, maana 20 ni nusu ya 40. Nilisikia aibu, nikaandika kwenye daftari, na daftari hilo nikaenda nalo Morogoro ili nilielewe jambo hili moja kwa moja nisikosee tena hewani. Nikanyoosha mkono. Jamaa akanitazama, akasema: "Hilo la darasa la tano, mzee. Bofya."

Ukumbi ukacheka. Bofya! Kwenye kitambaa kilicholowa chai!

Na kinachoniuma zaidi, simu tulikuwa nazo wote 26, mifukoni. Programu za majedwali zipo kwenye simu, tena bure. Angeturushia faili moja WhatsApp, saa ileile kila mtu angekuwa na jedwali mkononi. Hakuwaza hivyo, kwa sababu kwake sisi si watu wa kujifunza, ni watu wa kusaini karatasi ya mahudhurio. Fundi gereji hafundishwi kufungua injini kwa kushika hewa. Mshonaji hapewi cherehani ya kufikirika. Mwandishi wa habari ndiye anaambiwa jifanye.

Cheti wametoa saa moja baadaye. Kinasema nimehitimu kuchakata takwimu KWA KOMPYUTA. Ninacho hapa kwenye begi. Kidole mezani!

Kalamu ya Kusini: Pole sana mkuu. Mimi huyo huyo alinifundisha kupiga picha za habari kwa simu, halafu simu zetu akazikusanya kwenye kikapu mlangoni ili tusipoteze umakini. Siku nzima tunapiga picha kwa vidole vinne, hivi, kama tunapima dirisha.

Dume la Deski: Mtoa mada, umelalamika uzi mzima lakini umekiri mwenyewe kwamba uliburuta. Tena uliburuta kwa bidii mpaka ukamwaga chai. Wewe ndiye mwanafunzi bora wa darasa lile.

Mtoa mada: Niliburuta kwa heshima ya ukumbi. Usinichokoze, niko safarini.

Dume la Deski: Jumla ilitoka ngapi?

Msomaji Tu: Nimecheka mpaka mke wangu ameamka. "Kitambaa kilicholowa chai."

Mama wa Maikrofoni: Kaka, siku tatu tu unalia hivi? Sisi wa redio za jamii tungesema nini? Kanuni za Huduma za Habari za 2017 zilitupa miaka mitano twende tukatafute diploma. Nilikuwa hewani miaka 18, nikaingia darasani na watoto wa rika la binti yangu. Aliyenifundisha nani, nini, wapi, lini, kwa nini na vipi ni kijana ambaye alikuja kufanya mafunzo kwa vitendo studio kwetu, mimi ndiye nilimwonyesha maikrofoni inashikwaje. Ada nimeuza mbuzi. Wewe umelipiwa nauli na hoteli, ukasugua kitambaa, unafungua uzi.

Hakimu wa Mtandao: Dada, diploma ni lazima. Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 iliweka mambo ya ithibati, yaani kibali cha kufanya kazi ya uandishi, wazi, na taaluma yoyote ina kiwango chake cha kuingilia. Ungekubali kutibiwa na mtu asiye na cheti?

Mama wa Maikrofoni: Daktari halipwi kwa stori.

Kalamu ya Kusini: Hapo dada umemaliza.

Mtoa mada: Jamani mimi nazungumzia kidole mezani.

Mzigo wa Mkoa: Ngoja niseme ukweli ambao wengi mnauogopa. Mimi stori ikitoka napewa elfu tano, isipotoka nabaki na nauli yangu ya bodaboda. Nilimwomba mhariri anipandishie malipo, akanijibu, "Si mwezi uliopita nilikupeleka semina?" Yaani posho ya semina ndiyo mshahara wetu! Chombo cha habari kinajivunia kuendeleza waandishi wake, kumbe kinalipa mishahara kwa hela ya wafadhili. Ndiyo maana yule jamaa yako wa vidole hapigiwi kelele ukumbini. Nani atagombana na karatasi ya posho?

Bila Koneksheni: Bora ninyi mnaitwa. Mkoani kwetu wanaoitwa ni wale wale watano. Semina ya ukatili wa kijinsia wao, ya uchaguzi wao, ya mabadiliko ya tabianchi wao, ya uvuvi wao, na mkoa wetu hauna hata bwawa. Mmoja ana vyeti vingi kuliko ukuta wa sebule yake. Stori? Hajaandika tangu mvua za masika.

Mzigo wa Mkoa: Mkuu uko mkoa gani? Nahisi nawajua hao watano.

Bila Koneksheni: Njoo PM.

Hakimu wa Mtandao: Turudi kwenye hoja ya ithibati. Nimeuliza swali halijajibiwa.

Msomaji Tu: Mchana mlikula nini huko?

Mtoa mada: Wali na kuku. Hiyo ndiyo hoja yako?

Msomaji Tu: Kuku wa kweli au mlijifanya?

Mwalimu Namba: Mtoa mada, achana nao. Yule mwalimu wako alikuwa sahihi kabisa kuhusu zile pointi. Shika hivi: ukitoa asilimia ya mwanzo kwenye ya mwisho, unapata pointi. Ukigawanya hilo ongezeko kwa ile ya mwanzo, ukazidisha kwa mia, ndipo unapata asilimia. Toa, pointi. Gawanya, asilimia. Una jedwali lolote hapo kwenye simu nikufundishe la CAG hatua kwa hatua?

Mtoa mada: Mkuu Mungu akubariki. Dakika moja tu umenipa kuliko siku tatu za yule. Mtandao unakatika hapa kwenye milima, nikifika Iringa nakutafuta. Nitakutumia la halmashauri yangu.

Dume la Deski: Mwambie akutumie kitambaa pia.

Mke wa Mjeshi: Mtoa mada, samahani, uko njia ya Iringa? Mkipita Ilula nichukulie tenga la nyanya, nitakupokea stendi Songea nikupe hela yako.

Mtoa mada: Dada basi hili halisimami Ilula.

Mzigo wa Mkoa: Linasimama, mwambie konda.

Mke wa Mjeshi: Na vitunguu kidogo, kama una mkono.