Mwenye paki ya trela anatubadilishia masharti kila akijisikia, na nyumba ni zetu!

Wakuu, hasa mlioko jimbo la Minnesota huku Marekani, nina hasira na hili jambo sitalinyamazia.

Kwa msioyajua maisha haya: nyumba ya trela unainunua kwa jasho lako, inakuwa mali yako, ila kiwanja ilipokaa ni cha mwenye paki, yaani eneo zima zilikopangwa nyumba hizo, na unakilipia kodi kila mwezi. Wanasema ni nyumba ya kuhamishika. Kuihamisha ni maelfu ya dola! Na zile zilizotengenezwa kabla ya Juni 1976, yaani kabla serikali kuu haijaweka viwango vya ujenzi wake, paki nyingi hazitaki hata kuziona. Kwa hiyo mwenye kiwanja akikukaba, huna pa kwenda. Anajua.

Paki yetu iliuzwa. Huyu mpya hajaziba hata shimo moja la barabarani, kazi yake ni kubandika karatasi za masharti milangoni kwetu. Kibanda cha nyuma ambacho mwenye wa zamani alikikubali kwa maandishi, kivunjwe. Rangi ya nyumba wachague wao, gharama ulipe wewe. Maji yalikuwa ndani ya kodi, sasa yana bili yake, na kodi haikushuka hata senti. Gari la tatu marufuku, wakati kuna nyumba zina watu wazima watatu na kila mmoja ana zamu yake kiwandani. Halafu wageni: akizidisha wiki mbili aombewe kibali. Yaani mama mkwe atoke Mwanza kuja kumsaidia mke wangu na mtoto mchanga, mimi niende ofisini kupiga magoti ili alale kwenye nyumba niliyoinunua mwenyewe? Familia za namna gani hasa ndizo zinazolengwa hapo?

Ukiuliza, meneja anajibu "soma karatasi". Sasa na wao wasome sheria ya jimbo, sura ya 327C. Kubadili masharti ni lazima watoe taarifa ya maandishi siku 60 kabla. Na taarifa peke yake haitoshi. Sharti lililoletwa baada ya wewe kuingia mkataba halikubani mpaka liwe la busara, na lisiwe limegeuza mkataba wako wa awali kwa kiasi kikubwa. Kumnyang'anya mtu maji aliyokuwa anayalipia ndani ya kodi kama si kugeuza mkataba ni nini? Kodi nayo haipandishwi zaidi ya mara mbili ndani ya miezi 12, ndiyo maana naona wanatafuta pesa kwa mlango wa masharti. Na kumlipizia kisasi mkazi aliyelalamika sheria inakataza, kwa hiyo vitisho vya kufukuzwa tunavyopewa visimzibe mtu mdomo.

Majirani zangu wengine wameshasaini kwa woga, Kiingereza chenyewe cha kubabaisha na hakuna aliyewaeleza chochote. Hilo limeniuma kuliko kibanda changu. Tafadhalini, msisaini kitu hamjakielewa, na mkataba wa mwanzo utunzeni.

Tunaandaa kikao cha wakazi. Kama kuna mdau hapa aliyewahi kupinga masharti ya paki mahakamani, aje aseme alipeleka vielelezo gani na nani alimsaidia bila kumtoza.