Treni kwenye maziwa ya Alps: Uswisi mpaka Lugano au Austria mpaka Salzburg?

Mzaramo_Halisi:
Wakuu, heshima kwenu. Mwishoni mwa mwezi wa tisa nina likizo, nataka nimtoe mama watoto nje kidogo. Tumekubaliana iwe safari ya treni, miji yenye maziwa na majengo ya kale. Njia zilizopo mezani:

1. Zürich, Luzern, Lugano, Tirano, halafu reli ya Bernina hadi Chur.
2. Zürich, Bregenz, Innsbruck, Salzburg, tumalizie Hallstatt.

Ipi ina thamani ya pesa? Ndege nakata wiki ijayo, kwa hiyo msinizungushe.

Kipepeo_Tanga:
Umetaja miji tisa, hujataja hata siku moja. Mko wangapi? Siku ngapi? Unaishi Bongo au uko huko huko? Na ndege utakataje kabla ya viza?

Mzaramo_Halisi:
Tuko Dar. Siku kumi. Viza bado, nasikia ni wiki mbili tu. Bajeti ya kawaida.

Bwana_Ratiba:
"Bajeti ya kawaida" kwa Uswisi haina maana. Ukila mgahawani mchana na jioni utarudi umekonda mfuko. Fanyeni wanavyofanya wenyeji: mkate, jibini na matunda ya Coop au Migros, yale maduka makubwa ya huko, mle kwenye treni. Maji msinunue kabisa, Zürich peke yake ina chemchemi zaidi ya 1,200 mitaani, maji safi ya kunywa.

Pamoja na hayo mimi nasema namba 1, macho yamefumba. Swiss Travel Pass ukishainunua unapanda treni, mabasi na meli za ziwani bila kukata tiketi kila mara, na makumbusho zaidi ya 500 unaingia. Ukiwa Luzern panda meli hadi Vitznau, pale unaunganisha na treni ya magurudumu ya meno ya kupanda mlima Rigi, ya mwaka 1871, ya kwanza ya mlimani Ulaya. Nayo imo kwenye pasi.

Nyuki_Mweusi:
Pasi ni kwa mtu anayehama kila siku. Anayelala Luzern siku tatu akizunguka kwa miguu anawalipia wengine. Achukue kadi ya nusu nauli. Halafu wakilala hotelini Lugano wanapewa Ticino Ticket, mabasi na treni za jimbo zima la Ticino bure. Kwa nini ulipe pasi siku hizo?

Bwana_Ratiba:
Kwa sababu siku za pasi zinakwenda mfululizo, ndugu yangu, huwezi kuzisimamisha ukifika Lugano.

Nyuki_Mweusi:
Ipo ya Flex, siku unachagua mwenyewe. Na ndiyo hoja yangu hiyo hiyo.

Mama_Nasra:
Jamani kabla hamjauana kwa pasi, nisikilizeni mimi niliyepitia. Tulikwenda familia, watu wanne, masanduku sijui mangapi. Wakala wetu, simtaji, alituuzia pasi akasema "hii inafungua kila mlango, dada." Na kwenye risiti aliandika kabisa: gharama ya kushika siti. Tumefika Tirano asubuhi, treni nyekundu ya Bernina Express ipo, vioo hadi darini, watoto wanarukaruka. Kondakta anaangalia pasi, anasema vizuri, sasa nionyesheni namba za siti. Namba gani? Pasi inalipa nauli, siti unashika na kulipia kando, na ni lazima. Treni imejaa. Napiga simu kwa wakala, inaita hadi inakata. Mume wangu amesimama na masanduku, wazee wa Kijapani wanatupita kwa adabu, binti yangu mdogo analia.

Mhudumu wa kituo akatuonyesha treni ya kawaida, reli ile ile, pasi inatosha, siti hazishikwi. Mnabadilisha St. Moritz kwenda Chur. Na behewa letu dirisha lilikuwa la kushusha! Pale Brusio reli inazunguka duara juu ya daraja la mawe, ukichungulia unaliona behewa la mbele la treni yako mwenyewe likipita chini ya tao. Huko juu Ospizio Bernina ni mita 2,253, baridi iliingia, abiria mmoja akatuomba tufunge. Ile ya vioo dirisha halifunguki, picha zinatoka na mng'ao. Pesa za siti za wakala sijarudishiwa hadi leo. Kwa hiyo kata mwenyewe.

Kipepeo_Tanga:
Pole dada. Hata njia ya Gotthard, ya kuvuka Alps kwenda Lugano, ni hivyo hivyo: treni ya kawaida ndiyo nzuri. Treni za haraka za Luzern kwenda Lugano zinaingia handaki jipya la kilomita 57 la mwaka 2016, unaangalia giza dakika ishirini. Apande Treno Gottardo, inapita njia ya kale. Kanisa la kijiji cha Wassen ataliona mara tatu, kila mara kwa kimo kingine, maana reli inapanda kwa kujizungusha.

Salzburg_Damu:
Mbona Austria haina mtetezi? Innsbruck ina Goldenes Dachl, yaani paa la dhahabu, vigae 2,657 vya shaba vilivyopakwa dhahabu, tangu enzi za mfalme Maximilian. Salzburg ina ngome iliyoanza 1077. Luzern wanajisifia daraja la mbao, liliungua 1993, mbao nyingi pale ni za majuzi.

Tiketi za mapema za ÖBB, shirika la reli la Austria, ni nafuu mno, na kutoka Zürich hadi Innsbruck unapita Arlberg, milima mitupu. Ila Hallstatt nendeni mkalale, msiende na kurudi siku moja na wale wa mabasi. Kituo kiko ng'ambo ya ziwa, boti inangoja treni, na jioni inakoma mapema.

Mzaramo_Halisi:
Asanteni. Nimesahau kusema, mama mkwe naye anakuja, magoti yanamsumbua. Na tutaanzia Munich, shemeji yangu anaishi huko.

Nyuki_Mweusi:
UMESAHAU?

Bwana_Ratiba:
Munich haimo hata kwenye orodha yako! Basi tiketi ya ndege ya Zürich ya nini?

Salzburg_Damu:
Hapo Austria imeshinda. Bayern-Ticket, tiketi ya siku ya jimbo la Bavaria, moja inabeba hadi watu watano na inakubalika mpaka Salzburg, treni za mkoa tu, siku za kazi kuanzia saa tatu asubuhi. Pasipoti mfukoni, mpakani wanakagua. Lakini mwisho wa mwezi wa tisa Munich ni Oktoberfest, tamasha la bia, usitegemee hoteli. Laleni kwa shemeji.

Kipepeo_Tanga:
Na viza inategemea hesabu ya siku. Unaomba kwa nchi utakayokaa muda mrefu zaidi. Zikilingana, ile unayoingia kwanza. Ukilala Munich nne, Austria tatu, Uswisi tatu, ni Ujerumani. Bima ya matibabu ya safari isiwe chini ya yuro 30,000. Amua njia kwanza.

Mtumbwi_Kigoma:
Mimi hizo meli za mvuke za Luzern hazinitishi. Liemba yetu ilijengwa Ujerumani 1913, ikazamishwa vitani, ikaibuliwa, ikafanya kazi Tanganyika miaka na miaka. Mama mkwe mleteni Kigoma.

Bwana_Ratiba:
Kwa magoti hayo? Kuna bandari za kushukia kwenye mitumbwi katikati ya ziwa.

Mtumbwi_Kigoma:
Bibi zetu wanashuka na mizigo kichwani, mkuu. Usituletee dharau.

Mama_Nasra:
Mzaramo, magoti ni jambo kubwa kuliko njia. Treni nyingi za huko mlango uko usawa na jukwaa, ila si zote, na kubadilisha treni kwa dakika sita na mzee ni mbio. Punguza miji.

Mzaramo_Halisi:
Nimewasoma. Mke wangu sasa anauliza kuhusu Ziwa Como. Kuna aliyelala Varenna, pale kando ya ziwa?

Nyuki_Mweusi:
Bajeti kwanza. Tangu jana tunakuuliza.